Wepesi unaolipa na wepesi unaoponza: kuchagua kramponi kwa barafu ya Rwenzori

Anayejiandaa kwenda Margherita, kilele kirefu kuliko vyote kwenye milima ya Rwenzori, Uganda, kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanza na mizani. Anaona jozi ya kramponi za alumini yenye gramu 400, kando yake jozi ya chuma yenye gramu 850, anapiga hesabu ya karibu nusu kilo, na uamuzi unakuwa umeshapita. Kwenye milima yenye theluji ndefu hesabu hiyo inasimama. Huku kwetu haisimami, na sababu iko kwenye ardhi ya Rwenzori yenyewe.

Kramponi ni ile fremu ya meno inayofungwa chini ya buti ili mguu ushike barafu. Ukienda mzunguko wa kati wa hifadhi, kutoka Nyakalengija kupitia vibanda vya Nyabitaba, John Matte na Bujuku hadi kibanda cha Elena kwenye mita 4,541, meno hayo yanalala ndani ya begi siku zote hizo. Yanatoka usiku mmoja, yanafanya kazi saa chache, yanarudi begini mpaka unapofika nyumbani. Kwa hiyo gramu unazookoa kwenye kramponi unaziokoa mgongoni, na mara nyingi mgongo wenyewe si wako, ni wa mpagazi. Mguuni ni habari nyingine. Vipimo vya nguvu anazotumia mtu akitembea, vingi vikiwa vilifanywa kwa ajili ya wanajeshi, vimeonyesha kuwa uzito uliofungwa mguuni hula nguvu mara 4 hadi 6 kuliko uzito uleule ukiwa mgongoni. Na kitu kinachokaa mguuni Rwenzori kuanzia asubuhi ya kwanza hadi jioni ya mwisho ni gambuti.

Hapo ndipo ninaposimama: wepesi ununuliwe kwenye gambuti, kwenye kamba na kwenye mkanda wa kiunoni. Kwenye meno, nunua chuma.

(Wanaofuatilia milima ya Ulaya huuliza pia kuhusu skii nyepesi za kupandia milima, zile za gramu 1,000 hadi 1,400 kila mguu. Kwa hapa jibu ni fupi. Kubeba skii zenye urefu wa sentimita 165 katikati ya matope ya kinamasi cha Bigo na mashina ya lobelia, ili uteleze kwenye kipande cha barafu chenye nyufa ambacho mwisho wake ni mwamba, ni kujitafutia ajali kwa gharama. Waachie wenye theluji yao.)

Barafu yenyewe ikoje

Mwanamfalme wa Italia Luigi Amedeo alipofika kilele cha Margherita tarehe 18 Juni 1906, Rwenzori ilikuwa na barafu 43 zilizosambaa kwenye milima sita, jumla yake kilomita za mraba 7.5 hivi. Kufikia mwaka 2005 chini ya nusu yake ndizo zilizokuwa zimebaki, kwenye milima mitatu tu, eneo lote likiwa limeshuka hadi takriban kilomita za mraba 1.5. Tangu hapo zimeendelea kupungua.

Kwa mnunuzi wa kramponi, maana yake ni moja. Safari ya kutoka Elena hadi kileleni, mita 5,109, si tena mwendo wa barafu moja iliyonyooka. Unaanza kwa kupanda mabamba ya mwamba yaliyolowa. Unafika kwenye barafu ya uwanda wa mlima Stanley, unaivuka, unashuka tena kwenye mawe, unapanda barafu ya Margherita, kisha unamalizia kwa mwamba mpaka kileleni. Kila mpaka kati ya barafu na jiwe una maamuzi mawili: vua au pita nazo. Saa kumi alfajiri, vidole vimekufa ganzi na kuna watu watatu kwenye kamba, karibu kila kundi hupita nazo. Meno yanasaga mwamba. Na mwamba wa Rwenzori ni mgumu.

Barafu inayoyeyuka hivyo pia haina theluji nyingi juu yake wakati wa kiangazi, yaani mwishoni mwa Desemba hadi Februari, na tena Juni hadi Agosti. Inabaki tupu, ya kijivu, imeganda usiku ikawa kama sakafu ya terazo. Jino butu linaparuza juu tu. Kwenye miezi ya mvua hali inageuka: theluji mpya, nzito, yenye maji, inayonata. Kramponi zako lazima ziweze mambo yote mawili.

Alumini, chuma, na zile za kuchanganya

Alumini inayotumika kwenye kramponi ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma kwa ujazo uleule, lakini ni laini zaidi. Ndiyo maana jozi za alumini huwa na gramu 350 hadi 600, na za chuma zenye meno 10 au 12 gramu 750 hadi 1,000. Kwenye theluji iliyokauka tofauti ya ushikaji ni ndogo. Kwenye barafu tupu alumini inahitaji jino nene ili lisipinde, na jino nene haliingii vizuri. Kwenye jiwe, ncha inaviringika baada ya mwendo mfupi tu. Ukiitazama kwa karibu asubuhi inayofuata utaona midomo midogo inayong'aa imejikunja pembeni ya kila jino. Ukiikwangua kwa tupa inatoka, na jino linakuwa fupi zaidi. Fanya hivyo safari mbili tatu, kramponi yako inageuka sahani.

Kuna jambo baya kuliko kulika. Chuma kikielemewa mara nyingi hupinda kwanza, ukakiona. Alumini iliyochoka huweza kukatika bila kukupa ishara yoyote ya maana.

Jozi za kuchanganya, mbele chuma na nyuma alumini, hukaa katikati kwa uzito, gramu 500 hadi 700 hivi. Zinauzwa kwa hoja kwamba kazi yote ngumu iko mbele. Kupanda ni kweli. Lakini Rwenzori unateremka njia ileile uliyopandia, jua limeshatoka, umechoka, na kwenye kuteremka kisigino ndicho kinachotua kwanza, kwenye barafu na kwenye mawe. Kwa hiyo sehemu laini ndiyo inayopigwa zaidi. Ni chaguo la mtu anayepanda mara moja na hana mpango wa kurudi. Kwa mwongozaji anayepanda kila mwezi, ni hasara.

Vipo pia vile vyepesi kupita kiasi ambavyo mbele na nyuma vimeunganishwa kwa kamba nyembamba badala ya chuma. Vinakunjika vikaingia kwenye mfuko mdogo, na vinapendeza kweli. Ila kamba hiyo ndiyo inayokaa chini ya nyayo, inayokanyaga kona ya jiwe. Tena vinataka buti lenye soli ngumu isiyokunjika hata kidogo, maana hakuna chuma cha katikati cha kushikilia umbo.

Chuma chenyewe kiko cha aina mbili: cha kawaida chenye kromu na molibdeni, kinachoshika kutu, na kile kisichoshika kutu. Kwenye unyevu wa Rwenzori hiki cha pili kina raha yake, na theluji hainati sana juu yake. Cha kwanza nacho hakina tatizo kama mwenyewe utakikausha. Kutu ya juujuu haipunguzi nguvu. Kutu iliyochimba vishimo ndiyo ya kuiogopa.

Meno kumi au kumi na mawili? Kumi yanatosha kwa Margherita, na ni mepesi kidogo. Mwenye kumi na mawili, yenye yale ya mbele yaliyochomoza zaidi, atafurahi kwenye vipande vyenye mwinuko mkali ambapo huwa mnapita kwa kamba, lakini atajikwaa zaidi kwenye miamba. Yale ya mbele yawe ya kulala, bapa, si ya kusimama wima kama ya wakwea maporomoko ya barafu. Hapa sibishani na mtu sana.

Mfungo ndio unaoua au kuokoa

Kramponi nyingi zinazotoka mguuni mlimani si mbovu. Zimefungwa kwenye buti lisilo lake. Mifungo iko mitatu.

Wa mikanda mitupu una vikombe vya plastiki mbele na nyuma, na mkanda unaozunguka. Unakubali karibu buti lolote. Wa nusu una kikombe mbele na klipu nyuma, klipu inayong'ata ukingo ulioko juu ya kisigino cha buti. Wa tatu una waya mgumu mbele na klipu nyuma. Unataka ukingo mbele na nyuma, na soli isiyokunjika.

Kabla ya kuchagua, shika buti lako kidole na kisigino, ujaribu kulikunja. Likikunjika kirahisi kama kiatu cha kukimbilia, ni mfungo wa mikanda pekee, na chuma cha katikati kiwe kile chembamba kinachonesa. Likikataa lakini likajipinda kidogo ukiweka nguvu, mfungo wa nusu ndio wako, na kwa Rwenzori ndio ninaoupendelea. Kisha angalia ukingo wa kisigino: uwe na kina cha takriban milimita 5 au zaidi, usiwe umelika. Kosa linalovunja vyuma vingi ni kuweka kramponi yenye chuma kigumu cha katikati kwenye buti laini. Kila hatua soli inakunja, chuma kinakataa, na baada ya hatua elfu kadhaa kinakatika kwenye tundu la skrubu.

Jaribio lenyewe lifanyike nyumbani, mchana, siyo Elena saa nane usiku:

1. Weka kramponi chini, klipu na bizimu za mikanda zikielekea nje ya mguu. Ingiza kidole kwanza, kisha kisigino.
2. Rekebisha urefu mpaka buti liingie kwa kulazimisha kidogo. Kingo za pembeni za fremu ziguse soli. Nafasi inayopitisha sarafu mbili zilizopangana ni kubwa mno.
3. Kabla ya kufunga mkanda, inua buti, ligeuze juu chini, ulitikise kwa nguvu. Kramponi ya mfungo wa nusu ikifungwa klipu tu, na ile ya waya vilevile, isitoke. Ya mikanda isiteleze upande.
4. Tazama mbele: meno yachomoze milimita 20 hadi 25 kupita pua ya buti. Yakiwa chini ya hapo hayatashika, yakizidi yatakukwaa.
5. Fungua klipu, uifunge tena. Ifunge kwa mlio mkali na kwa kusukuma kwa kiganja. Ikifunga kwa kidole kimoja bila jasho, imelegea. Sogeza skrubu yake hatua moja mbele.
6. Pitisha mkanda kwenye pete ya mbele, uvute, ufunge. Mkia uliobaki ukatwe ubaki sentimita 10, uchomwe kwa kiberiti usifumuke.

Kisha yarudie yote ukiwa umevaa glavu zako nene, macho umeyafumba. Anayeshindwa sebuleni atashindwa zaidi kwenye upepo.

Mkia mrefu wa mkanda ni jambo dogo linalodharauliwa. Unajilegeza, unakanyagwa na meno ya mguu wa pili, mtu anaanguka mbele akiwa anateremka. Suruali pana hufanya vilevile. Vaa geta (kifuniko cha kifundo na muundi), au ifunge suruali kwenye kifundo kwa mpira, na utembee miguu imeachana upana wa ngumi mbili.

Gambuti, mahali wepesi unapolipa

Njia za Rwenzori ni matope, mizizi, madaraja ya mbao na maji. Buti la ngozi likiloa siku ya kwanza halikauki tena, na ndiyo sababu wapagazi na waongozaji Wakonzo hutembea na gambuti mpaka juu. Wageni wengi huishia kuwafuata. Buti la mlimani linabebwa kavu ndani ya mfuko wa plastiki na kuvaliwa Elena.

Gambuti za kawaida za PVC, zile nyeusi au za kijani zilizojaa kwenye maduka ya Kikuubo, Kampala, na ya Kasese, zina uzito wa kilo 1.8 hadi 2.4 kwa jozi ya mtu mzima. Zile za poliyurethani ni nyepesi zaidi, mara nyingi kwa zaidi ya robo, zina joto, na hazikakamai kwenye baridi jinsi PVC inavyokakamaa. Bei yake ni kubwa. Gambuti za povu la EVA ndizo nyepesi kuliko zote, wakati mwingine chini ya kilo moja, lakini soli yake inalika upesi na jiwe lenye makali linaikata. Ukikuta ya EVA yenye soli ya mpira iliyobandikwa chini, hiyo ni mali. Ya EVA tupu iache kwa kuoshea gari.

Fanya hesabu: ukipunguza gramu 600 kwenye gambuti, ukizidisha hata kwa 4 tu, ni kama umetoa kilo 2.4 mgongoni, kila siku, siku zote. Yule aliyepunguza gramu 450 kwenye kramponi ameokoa gramu 450.

Ukubwa: chukua namba moja juu ya kiatu chako cha kawaida, weka soksi nyembamba ndani na nene nje, na soli ya ndani ya sponji au manyoya. Kisigino kikipanda zaidi ya sentimita moja unapotembea, malengelenge yatakupata kabla ya Nyabitaba. Juu, pale mguu unapoingia, funga kipande cha tyubu kuukuu ya boda boda, upana wa vidole vitatu. Kinazuia changarawe na maji ya majani, na ukipotewa na mkanda wowote njiani unacho cha kufungia.

Swali linalorudi kila mara ni kama kramponi zaweza kufungwa moja kwa moja juu ya gambuti ili buti liachwe nyumbani. Za mikanda zinafungika, na watu hufanya hivyo. Tatizo ni kwamba mpira unabonyea. Unakaza mkanda, mpira unajikunja ndani, baada ya dakika ishirini umelegea. Unakaza tena, sasa unabana mishipa na vidole vinapoa. Kwenye barafu ya kulala unaweza kupita. Kwenye mwinuko, mguu unapogeuka kando, soli inajikunja kama chapati na kikombe cha nyuma kinateleza. Ni wepesi wa kweli, unaolipwa kwa hatari ya kuanguka. Hapana.

Kuhusu mabuti ya mlimani ya mtumba, kwenye soko la Owino, Kampala, yapo, na mengine ni mazuri kuliko mapya ya bei hiyohiyo. Ila angalia tabaka la povu kati ya soli na ngozi. Poliyurethani ya zamani huoza kwa unyevu hata kama buti halijavaliwa. Baada ya miaka kadhaa inakuwa kama keki iliyokauka. Bonyeza kwa ukucha wa dole gumba. Ikibaki alama au ikitoa unga, soli itabanduka, na itabandukia kwenye barafu. Gambuti za poliyurethani zilizokaa stoo muda mrefu zina ugonjwa huohuo.

Theluji inayonata

Jua la ikweta likipiga theluji mpya, kuanzia saa tatu au nne asubuhi inaanza kushikana chini ya nyayo. Donge linakua kati ya meno mpaka unatembea juu ya mpira wa theluji, meno hayagusi chochote, na unateleza ghafla. Dawa yake ni bamba la plastiki au mpira linalopachikwa chini ya kramponi. Kwa jozi linaongeza takriban gramu mia moja. Wako wanaoliondoa ili kupunguza uzito, na hilo ndilo punguzo la kijinga kuliko yote niliyoyataja. Kagua kama limepasuka kwenye kona linaposhikiliwa. Bamba lililopasuka linalishika donge badala ya kulisukuma. Hata ukiwa nalo, kila hatua chache gonga pembeni ya kramponi kwa mpini wa shoka la barafu, mguu mmoja ukiwa umesimama imara kwanza.

Nusu ya tatizo huondoka ukianza mapema. Kundi linaloondoka Elena saa nane au tisa usiku hurudi kabla ya theluji kulainika.

Ukikodi

Wengi watakodi kwenye vituo vya kuanzia safari, Kilembe au Nyakalengija, na hakuna ubaya. Omba kuziona siku moja kabla ya kupanda, ukiwa na buti lako mkononi. Tazama kwanza kama ni jozi kweli: kushoto na kulia, kampuni moja, toleo moja, bizimu zote zikielekea nje. Pima meno kwa kulinganisha. Jino lililopoteza theluthi ya urefu wake limekwisha kazi. Safisha matope pale chuma kinapopinda kuelekea meno ya mbele na kuzunguka matundu ya skrubu, kisha umulike kwa tochi ukitafuta mstari mwembamba mweusi. Huo ni ufa. Kunja mkanda: ukitoa mlio mkavu na kuonyesha nyufa nyeupe, omba mwingine. Chuma cha katikati kiwe na skrubu zake zote mbili, na zisizungushike kwa vidole. Alama za EN 893 au UIAA (viwango vya usalama) ziwe zimepigwa kwenye chuma chenyewe.

Buti namba 46 na kuendelea mara nyingi huhitaji chuma cha katikati kirefu zaidi. Stoo huwa nacho kimoja au hakuna. Uliza mapema.

Kwenye mfuko wa akiba weka mita 2 za waya wa kufungia, skrubu mbili za ziada, vifungio vya plastiki kumi, mkanda mmoja, na koleo dogo. Haifiki gramu 250.

Vingine, kwa haraka

Shoka la barafu lenye urefu wa sentimita 50 hadi 60, mpini wa alumini, kichwa cha chuma: gramu 350 hadi 500. Yenye kichwa cha alumini hushuka hadi gramu 200 na kitu, ila kwenye barafu ngumu hudunda. Alama ya B au 1 inatosha. T au 2 ni kwa kazi nzito zaidi. Mkanda wa kiunoni hapa uwe mwepesi, gramu 150 hadi 300, mradi vitanzi vya mapaja vifunguke ili uuvae bila kuvua kramponi. Helmeti isizidi gramu 350.

Kamba ndiyo yenye hesabu tamu. Mita 30 za unene wa milimita 10 zina kilo 1.9 au 2. Za milimita 8, takriban kilo 1.2, na kwa mwendo wa barafu zinatosha. Lakini kamba isiyotiwa dawa ya kuzuia maji inaweza kunywa maji hadi asilimia 40 au 50 ya uzito wake, na Rwenzori italoa tu. Kiwango cha UIAA cha kamba isiyonywa maji ni asilimia 5 kwenda chini. Hivyo kamba nyembamba isiyo na dawa ikiloa inaweza kuzidi kilo 1.7, tena usiku inaganda ikawa ngumu kama fimbo na haipiti kwenye karabina (pete ya kufungia kamba). Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, weka kwenye dawa ya kamba.

Kunoa na kutunza

Nolea tupa ya mkono. Bana kramponi kwenye jiliwa, sukuma tupa kuelekea ncha, mkondo mmoja, bila kurudisha nyuma. Noa kingo nyembamba za jino, usiguse nyuso pana, kwa sababu ukizipunguza hizo jino linakonda na kupinda. Usilifanye sindano: ncha yenye unene wa milimita moja hivi inaingia kwenye barafu na inavumilia jiwe. Mafundi wa Katwe, Kampala, wana mikono ya dhahabu, ila waambie waziwazi wasipitishe grenda. Cheche zile ni joto, joto likigeuza ncha kuwa ya buluu matiko ya chuma yamekufa, na jino hilo litapinda kama msumari. Kuchomelea kramponi iliyopasuka nako ni marufuku kwa sababu hiyohiyo.

Ukishuka, zioshe kwa maji baridi, toa bamba la plastiki uoshe na nyuma yake ambako matope ya Bigo hujificha, zikaushe kivulini, kisha upake mafuta ya cherehani kwenye skrubu na viungio, na zile za chuma cha kawaida zipake kote kwa kitambaa. Zihifadhi nje ya mfuko wake. Mfuko uliorudi na unyevu ndio unaozitia kutu kabla ya msimu wa Juni.